Barua ya wazi: goti lililofanyiwa upasuaji lipimwe kabla ya kuandikwa kuwa limepona

Mheshimiwa Waziri wa Afya, wajumbe wa bodi za mifuko ya bima ya afya, wakurugenzi wa hospitali za rufaa na za kanda, na viongozi wa Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania,

Tunawaandikia kuhusu mgonjwa ambaye kwenye makaratasi amepona. Alikatika ligamenti ya mbele ya goti, ile ambayo viwanjani kila mtu anaiita ACL. Akafanyiwa upasuaji wa matundu madogo, akawekewa pandikizo la kano, kidonda kikakauka, nyuzi zikatolewa, bili ikalipwa. Kwenye taarifa ya mwaka anahesabiwa kuwa upasuaji mmoja uliofanikiwa. Hakuna ukurasa unaosema kama miezi 6 baadaye anaweza kunyoosha mguu hadi mwisho, kushuka ngazi bila kushika ukuta, au kuchuchumaa chooni na kuinuka mwenyewe.

Tunachoomba ni hiki: matokeo ya upasuaji huu yapimwe kwa vipimo vinavyojulikana, kabla ya upasuaji na kwa vipindi maalumu baada yake, na malipo ya bima yaendane na vipimo hivyo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imefungua mjadala wa nini kilipwe na kwa kiasi gani. Huu ndio wakati wa kuamua kama tunalipia goti linalofanya kazi au tunalipia saa moja na nusu ya chumba cha upasuaji.

Tuanze na swali la kuridhika, kwa sababu ndilo linaloulizwa zaidi na ndilo linalodanganya zaidi. Mgonjwa akiulizwa siku ya kuruhusiwa, "Umeridhika na huduma?", anajibu kuhusu usafi wa wodi, lugha ya wauguzi na maumivu ya usiku uliopita. Goti lenyewe bado halijafanya kazi yoyote ya kulihukumu. Tena swali hilo mara nyingi linaulizwa na mtu aliyevaa koti jeupe, pengine daktari yuleyule aliyemfanyia upasuaji, na watu wetu hawana desturi ya kumwambia daktari usoni kwamba hawakuridhika. Jibu la "nashukuru sana, daktari" ni adabu. Haliwezi kuwa kipimo.

Kuna jambo jingine ndani ya swali hilo. Kuridhika kunategemea mtu alitarajia nini. Kijana aliyeambiwa na wenzake kuwa atacheza baada ya miezi 5 atachukizwa na goti linalokwenda vizuri kabisa. Mama aliyetaka tu kutembea hadi sokoni ataridhika na goti ambalo misuli yake ya paja ina nguvu nusu ya upande wa pili, na kesho akiteleza kwenye tope goti linachomoka. Kwa hiyo matarajio yaandikwe kwenye faili kabla ya upasuaji, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe: anataka kurudi kufanya nini, na anadhani itachukua muda gani. Hapohapo daktari amrekebishie. Kazi hiyo inachukua dakika 10, na huzuia manung'uniko mengi ya baadaye kuliko dawa yoyote ya maumivu.

Kisha swali la kuridhika liulizwe miezi 6, 12 na 24 baada ya upasuaji, na mtu ambaye hakuwa kwenye timu ya upasuaji, kwa simu ikibidi. Liulizwe hivi: "Ukifikiria shughuli zako zote, maumivu yako na uwezo wako wa kutumia goti, je, hali uliyonayo sasa inakutosha?" Jibu ni ndiyo au hapana. Linafuatiwa na jingine: "Ungejua haya yote mapema, ungekubali kufanyiwa tena?" Ndugu aliyemsindikiza asijibu kwa niaba yake. Asiyesoma asomewe maswali kama yalivyo, bila kuongezewa mifano inayomwelekeza kwenye jibu.

Maswali mawili hayatoshi. Yako madodoso yaliyotengenezwa kwa ajili ya goti na kutumika duniani kwa miongo. La Lysholm lilitoka mwaka 1982 na likarekebishwa 1985 pamoja na kipimo cha Tegner, ambacho hupanga shughuli za mtu kutoka 0 hadi 10. KOOS ya mwaka 1998 ina maswali 42 katika makundi matano: maumivu, dalili, shughuli za kila siku, michezo, na ubora wa maisha. IKDC ya mwaka 2001 ina maswali 18 na alama hadi 100. ACL-RSI ya mwaka 2008 ina maswali 12 yanayopima kama mtu ana hofu au imani ya kurudi mchezoni. Hatuombi yote yatumike. Tunaomba KOOS au IKDC kwa kila mgonjwa, Tegner kwa kila mgonjwa, na ACL-RSI kwa anayetaka kurudi uwanjani.

Hapa tunataka mtuvumilie kidogo, kwa sababu ndipo vipimo vya ugenini vinapokwenda kombo vikiletwa kwetu bila kuangaliwa. Chukueni Lysholm. Alama 100 zimegawanywa hivi: goti kuchomoka 25, maumivu 25, goti kukwama 15, uvimbe 10, kupanda ngazi 10, kuchechemea 5, kutumia gongo 5, kuchuchumaa 5. Asiyeweza kuchuchumaa kabisa anapata 0 kati ya hizo 5. Kama mengine yote ni mazuri, jumla yake ni 95, na 95 hadi 100 ndilo daraja la juu kabisa. Yaani mtu ambaye nyumbani kwake choo ni cha kuchuchumaa, anayelima kwa jembe la mkono na kuswali mara tano kwa siku, anaweza kuandikwa "matokeo bora kabisa" huku akiwa hawezi lolote kati ya hayo kama alivyoweza zamani. Ndiyo sababu hatupendekezi Lysholm iwe kipimo kikuu hapa, ingawa ni fupi na rahisi kujaza.

KOOS na IKDC zinauliza kuchuchumaa na kupiga magoti, lakini hata hivyo KOOS inauliza pia kuhusu kuingia kwenye bafu la kulala na kuvaa soksi ndefu. Tunapendekeza dodoso lililochaguliwa libaki kama lilivyo, ili alama zetu zilingane na za wengine, lakini liongezewe ukurasa mmoja wa maswali ya hapa, usiochanganywa kwenye jumla: kutumia choo cha kuchuchumaa, kukaa mkekani na kuinuka bila kushika kitu, kusujudu na kukaa kati ya sijida mbili, kubeba ndoo ya lita 20, kupanda daladala lenye ngazi ya juu, kuendesha bodaboda na kuishikilia kwa mguu inaposimama. Kuchuchumaa kikamilifu na kukalia visigino kunataka goti likunjwe kuzidi digrii 130. Ripoti inayosema "goti linakunja digrii 120" inasomeka vizuri ofisini, lakini nyumbani haitoshi.

Jambo hilo linagusa hata uchaguzi wa pandikizo. Kano ya chini ya kofia ya goti, inayochukuliwa na vipande vya mfupa pande zote mbili, hushika vizuri lakini huacha maumivu ya kupiga magoti kwa wagonjwa wengi. Kano za nyuma ya paja hazina tatizo hilo kwa kiasi hicho, ila hupunguza nguvu ya kukunja goti hadi mwisho, na pandikizo likiwa jembamba kuliko milimita 8 uwezekano wa kukatika tena huongezeka. Kano ya juu ya kofia ya goti nayo inatumika zaidi siku hizi. Fundi wa kumwaga zege, shekhe na winga wa kikosi cha vijana hawahitaji jibu moja. Waulizwe wanapiga magoti mara ngapi kwa siku kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji.

Madodoso yanayotumika kwa Kiswahili yatafsiriwe kwa utaratibu: watafsiri wawili kila mmoja peke yake, kikao cha kupatanisha, mtu wa tatu asiyeijua nakala ya asili airudishe tafsiri kwenye lugha ya awali ya dodoso, kisha wagonjwa kati ya 30 na 40 wajaze na kueleza walivyoelewa kila swali. Muuguzi kutafsiri papo hapo mbele ya mgonjwa ni kutengeneza dodoso jipya kila asubuhi.

Sasa mwili wenyewe. Kipimo cha kwanza, cha bei nafuu na kinachopuuzwa kuliko vyote, ni kunyooka kwa goti. Wiki mbili za kwanza ndizo za kulinyoosha hadi lilingane na goti la pili. Linalokwenda vibaya ni la kila siku: mgonjwa anawekewa mto chini ya goti kwa sababu anapata nafuu, goti linazoea kupinda, kovu linajaa mbele ya pandikizo, na misuli ya mbele ya paja inalala kwa sababu ya maji yaliyomo gotini. Mto uwe chini ya kisigino, goti lining'inie wazi. Kipimo hakihitaji mashine: mgonjwa alale kifudifudi, magoti yawe ukingoni mwa kitanda, tofauti ya urefu wa visigino viwili ipimwe kwa rula. Kila sentimita 1 ni takriban digrii 1 iliyopungua. Ikiwa wiki ya 6 bado goti halijanyooka, mgonjwa arudishwe kwa daktari wa upasuaji wiki hiyohiyo, asipewe tarehe ya miezi mitatu mbele. Kovu linaloweza kulegezwa kwa mazoezi wiki ya 6, baada ya miezi 5 mara nyingi linahitaji kurudi chumba cha upasuaji, na gharama hiyo ya pili ni ya kwenu mnaolipa.

Ulegevu wa goti, kwa kipimo cha Lachman (kuvuta muundi mbele) na cha kuzungusha muundi, upimwe na mtu mzoefu na uandikwe kwa daraja. Tofauti ya zaidi ya milimita 3 kati ya magoti mawili inataka kuangaliwa, na kuanzia milimita 5 pandikizo linahesabiwa kuwa limeshindwa. Lakini msije mkadhani goti lisilolegea ni lazima liwe goti zuri. Wapo wenye pandikizo imara kabisa wanaochechemea, kwa sababu ya kipimo kinachofuata.

Nguvu ya misuli ya mbele ya paja ndiyo inayotofautisha goti lililopona na goti lililofungwa faili. Pale pasipo na mashine kubwa, kipima nguvu cha mkononi kilichofungwa kwa mkanda kinatosha: mgonjwa akae, goti likunjwe digrii 90, asukume mara tatu, namba kubwa iandikwe. Nguvu ya mguu uliofanyiwa upasuaji hugawanywa kwa ile ya mguu mzima, na kiwango kinachotumika ni asilimia 90. Hesabu hiyo ina mtego. Mguu mzima nao hudhoofu kwa miezi ya kukaa. Tuseme kabla ya upasuaji mguu mzima ulisukuma kilo 48. Baada ya miezi 6 umeshuka hadi 40, na uliofanyiwa upasuaji unasukuma 36. Kwa hesabu ya siku hiyo mgonjwa amefikisha asilimia 90 na anaruhusiwa. Ukilinganisha na zile 48 za mwanzo, yuko asilimia 75. Ndiyo maana tunasisitiza vipimo vya kabla ya upasuaji: bila hivyo, vya baadaye vinapima udhaifu wa mguu mmoja kwa udhaifu wa mwingine.

Vipimo vya kuruka kwa mguu mmoja vinne, yaani mruko mmoja, mitatu mfululizo, ya kuvuka mstari, na mita 6 kwa muda, vinahitaji utepe wa kupimia na saa tu. Vifanyike, ila visitumike peke yake. Mtu mwerevu huruka kwa nyonga na kifundo cha mguu huku goti likiwa limejificha, na umbali unatoka mzuri.

Kuhusu muda, kuna kosa moja linalorudiwa na makocha, wazazi na hata baadhi yetu wataalamu: kufuata maumivu. Pandikizo linapowekwa ni kano iliyokatiwa damu. Mwili unalivamia, unalibomoa na kulijenga upya, na kati ya wiki ya 6 na ya 12 liko dhaifu kuliko siku lilipowekwa. Wiki hizohizo maumivu yamekwisha na mgonjwa anajiona mzima. Kukimbia kwa mstari ulionyooka kusianze kabla ya wiki ya 12, na hata hapo ni kwa goti lisilovimba, lililonyooka, lenye nguvu ya asilimia 70 au zaidi. Kugeuka ghafla na kugombea mpira ni kuanzia miezi 6 kwa hatua. Mechi ni baada ya miezi 9, na si kabla ya kufaulu vipimo.

Hili la miezi 9 lina ushahidi. Utafiti uliofanywa Norway na Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 ulifuatilia wagonjwa 106 kwa miaka miwili. Kila mwezi mmoja wa kusubiri, hadi mwezi wa 9, ulipunguza kuumia tena kwa asilimia 51. Kati ya waliorudi kwenye michezo mizito bila kufaulu vipimo, asilimia 38.2 waliumia goti tena. Kati ya waliofaulu, asilimia 5.6. Na uchambuzi wa tafiti nyingi wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wagonjwa hurudi kwenye mchezo wa aina fulani, 65 kwenye kiwango chao cha zamani, na 55 tu kwenye mashindano. Namba hizo aambiwe mgonjwa kabla ya kusaini fomu ya ridhaa.

Kwa wanaolipa: pendekezo letu ni kifurushi kimoja kinachojumuisha upasuaji na fiziotherapia ya miezi 9, vikao 31. Viwe viwili kwa wiki kwa wiki 6 za kwanza, kimoja kwa wiki hadi wiki ya 12, kisha kimoja kila wiki mbili hadi mwezi wa 9, mazoezi mengine yakifanyika nyumbani kwa karatasi yenye picha. Sehemu ya malipo ya hospitali itolewe pale tu vipimo vya miezi 6 na 12 vitakapowasilishwa, viwe vizuri au vibaya. Msilipe kwa alama kubwa. Mkifanya hivyo mtaletewa alama kubwa, na wagonjwa wagumu watakosa wa kuwapokea. Mgonjwa anayetoka Mpanda au Lindi asilazimike kusafiri hadi Dar es Salaam au Moshi kwa vikao hivyo: aliyefanyiwa upasuaji Muhimbili au KCMC apewe barua yenye mpango kamili wa kupeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali ya mkoa wake.

Tunaongeza jambo ambalo linaweza kuwashangaza likitoka kwetu. Si kila ACL iliyokatika inahitaji kisu. Jaribio la Uswidi lililochapishwa mwaka 2010, lenye vijana 121, lililinganisha upasuaji wa mapema na mazoezi ya kwanza yenye ruhusa ya upasuaji baadaye. Baada ya miaka 2 alama za KOOS hazikutofautiana, na hata baada ya miaka 5 karibu nusu ya waliopewa mazoezi kwanza walikuwa hawajahitaji upasuaji. Kwa hiyo mazoezi ya kabla ya upasuaji nayo yalipiwe: uvimbe uishe, goti linyooke, mwendo uwe bila kuchechemea, nguvu ya paja ifike angalau asilimia 80. Wengine watafika hapo na kugundua goti haliwachomoki tena. Watakaoendelea na upasuaji watapona vizuri zaidi.

Yote haya yakae kwenye rejesta moja ya taifa. Norway walianza yao mwaka 2004, Denmark na Uswidi 2005, Uingereza 2013. Yetu ianze na karatasi moja: tarehe ya kuumia na ya upasuaji, umri, jinsia, upande, aina ya pandikizo na kipenyo chake kwa milimita, kilichoshonwa au kukatwa kwenye meniska (gegedu za kati ya mifupa ya goti), matarajio ya mgonjwa, alama za dodoso, digrii za kunyoosha na kukunja, nguvu ya miguu yote miwili kwa kilo, na namba mbili za simu, kwa sababu watu hubadilisha laini na ufuatiliaji wa miaka miwili hufia hapo. Walioshindwa kupatikana wahesabiwe na kutangazwa pia. Hospitali inayoripoti asilimia 95 ya walioridhika huku ikiwa imewapata wagonjwa 4 kati ya 10 haijaripoti kitu.

Viongozi wa mpira, AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda, na shinikizo la kuwarudisha wachezaji mapema litakuwa kubwa. Kwa wanamichezo walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani, takriban asilimia 23 huumia ACL mara ya pili, ama pandikizo ama goti la upande mwingine. Wasichana wako kwenye hatari kubwa ya kuumia mara ya kwanza kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule, na mashindano ya UMISSETA ya shule za sekondari na ligi ya wanawake yanawahusu moja kwa moja. Wekeni kanuni: mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa ACL asiandikishwe kwenye orodha ya mechi hadi klabu iwasilishe fomu yenye miezi isiyopungua 9, nguvu ya asilimia 90 kwa namba za kabla ya upasuaji, miruko minne, goti lisilovimba, na alama za ACL-RSI. Fomu isainiwe na mtaalamu asiyelipwa na klabu hiyo. Tuko tayari kuiandika pamoja nanyi, na kuwafundisha wataalamu wa mikoa jinsi ya kuijaza.

Wenu katika kazi,
Wataalamu wa fiziotherapia na wa upasuaji wa mifupa